Prosesa Ngeni kwenye Ubao wa Zamani

Jelovac, 3 Septemba

Kaka Rusmir,

Mama amesema tusipigiane simu tena mpaka tujifunze adabu, kwa hiyo nakuandikia. Kwa maandishi angalau kila mtu atamaliza sentensi yake kabla mwenzake hajaanza kufoka. Huku sote wazima. Mama anachoma pilipili hoho za kusaga na kuweka chupani kwa ajili ya majira ya baridi, na nyumba nzima, pamoja na mimi, inanuka moshi.

Nina shida na sina wa kumwambia ila wewe. Unajua kuwa kuna kampuni inataka kujenga bwawa la umeme juu ya Jelovac, pale mto Zelenka unapobanwa na miamba. Akina mama wa mtaa wa juu wamekaa darajani tangu Juni ili magreda yasipite. Fikreta jirani yetu ndiye amirijeshi. Amehamishia pale kiti chake, redio yake na birika lake la kahawa, na dereva wa greda akisogea anamuuliza kama mama yake mzazi anajua yuko wapi saa hizi. Lakini kukaa darajani hakutoshi. Tarehe kumi na nne Oktoba manispaa itasikiliza pande zote mbili, na mimi ndiye nitakayesimama upande wetu, kwa kuwa kijiji kizima ni mimi tu niliyesomea mambo ya maji.

Nimekwisha kusema hadharani kwamba lango la bwawa likifunguka vibaya, mtaa wa juu utazama. Nilisema bila kupiga hesabu kamili. Nilikuwa na hakika. Hata sasa ninayo, ila hakika ya moyoni huwezi kuiweka mezani mbele ya kamati.

Programu ya mafuriko inaligawa bonde katika miraba midogo na kuhesabu maji mraba kwa mraba. Kwa kompyuta uliyoniachia ulipohamia Slovenia, hesabu moja inakula zaidi ya wiki, na ikikwama katikati naanza upya. Mashine nyingine siwezi kununua. Tangu waniachishe kazi kule Zenica nakula kwa Mama. Silali vizuri, naamka kuangalia asilimia imefika ngapi kama mtu anayeangalia joto la mgonjwa.

Ulipokuwa huku uliweza kufufua hata redio iliyopigwa na radi. Kuna njia?

Mdogo wako,
Mersiha


Maribor, 5 Septemba

Mdogo wangu,

Kwanza, mimi sikufoka. Nilipandisha sauti kwa sababu mtandao ulikuwa mbovu. Tuliache hilo.

Njia ipo. Kuna ofisi imetupa kompyuta zake, na ndani ya moja nimechomoa prosesa yenye viini vinane. Yako ina vinne, tena vichovu. Hii itakufanyia kwa siku mbili kazi inayokuchukua wiki. Tatizo ni kwamba ubao mama wako ni wa zamani kuliko prosesa hii, na waliouunda wamesema rasmi kwamba haviendani, mtu akanunue ubao mpya. Lakini tundu ni lile lile, inakaa bila kulazimishwa. Kinachozuia ni programu ndogo iliyo kwenye chipu ya ubao, ile inayoiamsha mashine. Haimjui mgeni, basi inamfungia mlango. Tena kuna vidoti kadhaa vya dhahabu chini ya prosesa vilivyobadilishiwa kazi tangu ubao wako utengenezwe. Watu wa Urusi, Poland na China wamelichokonoa jambo hili miaka, na mimi nimelifanya zaidi ya mara moja. Mara nyingi nilifaulu. Mara moja nilipata moshi.

Hajrudin dereva wa basi atakuletea mzigo. Ndani kuna prosesa, kibanio cha kung'ata ile chipu, na kifaa cha kuiandikia kinachochomekwa kwenye simu. Kabla hujaandika kitu, isome chipu na uhifadhi nakala ya kilichomo, hata kama umechoka, hata kama Fikreta anakuita. Ndipo uandike programu niliyoirekebisha, nimeiambatisha pamoja na picha kwenye barua pepe hii. Halafu chukua ule utepe mwembamba wa rangi ya kaharabu, ukate kwa wembe, ufunike vidoti nilivyovitia wino mwekundu kwenye picha. Viwili vya buluu uviunganishe kwa rangi ya fedha, tone dogo kama jicho la mchwa. Ukikosea pale, umeme utakwenda usikotakiwa na utapoteza vyote viwili.

Huku kazi ni nyingi. Msalimie Mama, mwambie nakula vizuri.

Kaka yako,
Rusmir


Jelovac, 16 Septemba

Kaka,

Mzigo ulifika. Hajrudin alimkabidhi Mama mkononi, wakakaa wakinywa kahawa na kunong'ona kama wachumba. Nilipotokea wakanyamaza. Sijui Mama anataka kumuoza nani.

Nimefanya kila ulichosema. Nilisoma chipu, nikahifadhi nakala, nikaandika. Kukata utepe kulinitoa jasho, maana mkono wangu umezoea kuchora mito, na mto ukikosea unafuta. Nilikata vipande hata nikapoteza hesabu, kimoja kikanata kwenye kope. Mama alipita akaona nimeinama na wembe na kioo cha kukuzia, akauliza, "Unamtoa nani mwiba?" Nikamwambia, "Kijiji." Akasema, "Basi osha mikono kwanza."

Nikaweka prosesa. Nikapaka krimu ya kupozea, nikarudisha feni, nikakaza skrubu kabisa ili isilegee. Nikawasha.

Inawaka, feni inazunguka, inahesabu pumzi kama tatu, inazima. Halafu inawaka yenyewe tena. Kioo hakioneshi kitu, ni giza. Nimeiacha ifanye hivyo saa nzima, nikidhani labda inajifunza. Inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, mpaka Mama akaniambia niitoe roho au niipeleke nje. Nimerudisha prosesa ya zamani, nayo sasa inakataa, kwa sababu programu ni mpya, na ile nakala naogopa kuirudisha kabla hujasema. Kwa hiyo kwa sasa sina hata ile mbovu niliyokuwa nayo, Rusmir, nakuandikia kwa simu. Hesabu yangu ya zamani ilikuwa imebakiza kidogo.

Fikreta ananiuliza kila asubuhi, "Namba zimekuja, Mersiha?" kama anauliza mkate. Namwambia zinakuja. Nimewadanganya watu wazima wanaokaa juani kwa ajili yangu.

Niambie la kufanya. Leo, ukiweza.

Mersiha


Maribor, 19 Septemba

Mersiha,

Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa mbali na mtandao. Usiogope, kuwaka na kuzima ni dalili nzuri, maana yake ubao unajaribu. Mtu mwingine angepata moshi. Huku mvua haikatiki, Maribor yote matope. Nikipata nafasi nitakuandikia kwa urefu. Usiguse kitu.

R.


Jelovac, 22 Septemba

Rusmir,

Jana nimekuona.

Gari jeupe lilisimama upande wa pili wa daraja, lile la mafundi umeme wa kampuni. Walishuka wawili kupima. Wa tatu alibaki kiti cha mbele, kofia imeshushwa mpaka puani. Fikreta akasema, "Huyo ana haya kuliko wenzake, labda ana mama." Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Halafu yule mtu akajikuna shingo, nyuma ya sikio, kwa kidole gumba. Nimekaa meza moja na mtu anayejikuna hivyo tangu nizaliwe.

Sikuwaambia. Niliwaambia kichwa kinaniuma nikarudi nyumbani, na pita, ile pai ya Mama ya mchicha, ilikuwa mezani, nikashindwa kuila.

Maribor mvua haikatiki. Kumbe.

Sasa nauliza mambo mawili, na ukitaka usinijibu. Prosesa ile imetoka ofisi ya nani? Na je, ulijua kwamba haitawaka? Maana nikikaa nikifikiri, naona mtu aliyetaka nisiwe na namba tarehe kumi na nne asingefanya vizuri zaidi kuliko wewe. Umenifanya niue kwa mkono wangu mashine iliyokuwa inafanya kazi, kisha ukaniambia nisiguse kitu.

Mersiha


Doboj, 22 Septemba

Mersiha,

Prosesa imetoka ofisi yao. Walibadilisha kompyuta za wahandisi, zile za zamani wakazirundika ghalani. Niliomba, wakanipa. Hawakuuliza ni ya nini.

Karakana ya Maribor ilifungwa mwezi Februari. Nilizunguka kutafuta kazi mpaka viatu vikaisha, ndipo kampuni hii ikanichukua na kuniweka hapa Doboj, si mbali na kwenu. Nafunga makabati ya umeme yanayoendesha malango ya mabwawa. Nimefanya kazi kwenye mito mingine, na kila mahali nilijiambia si kwetu. Walipotaja Zelenka nilidhani akina mama watashinda mapema na sitahitaji kufika. Sikukwambia kwa sababu nilijua ungesema nini, na ungekuwa na haki ya kusema, na mimi bado ningehitaji mshahara.

Lakini sikukutegea. Hilo usinibebeshe. Kama ningetaka usiwe na namba ningekwambia siku ile ile uliyoniuliza kwamba njia haipo, ungeniamini, ungebaki na mashine yako ya kizee na wiki zako. Vidoti vya picha ile nilivitia wino kwa mkono wangu, nikijua namba hizo ni za nini.

Nimesoma tena barua yako. Umeandika kwamba ulikaza skrubu kabisa. Prosesa inakaa juu ya mamia ya sindano laini. Feni ikiibana upande mmoja kuliko mwingine, sindano za upande wa pili hazigusi, ubao hauoni memori, unazima na kujaribu tena. Ndiyo hiyo inawaka-inazima yako. Ifungue. Angalia kama kuna kipande cha utepe kilichojikunja, kama kipo kitoe ukate kingine. Safisha vidoti kwa spiriti. Rudisha feni, kaza skrubu kwa msalaba, moja kidogo, ya kinyume chake kidogo, na uishie pale kidole kinapoanza kusikia ugumu. Weka memori moja tu kwanza. Ikiwaka, kioo kitakaa giza kwa muda mrefu kuliko ulivyozoea. Usizime.

Nichukie kadiri utakavyo, lakini legeza skrubu.

Rusmir


Jelovac, 25 Septemba

Mwanangu Rusmir,

Naandika kwa mkono, maana kwenye hiyo mitambo yenu dada yako anaona kila kitu. Hajrudin atakuletea. Usimlaumu, mimi ndiye niliyembana. Alipoleta ule mzigo nilimuuliza umetoka wapi. Akasema Doboj, pale kwenye kituo cha mafuta. Nikamuuliza, "Maribor imehamia Doboj lini?" Maskini akaunguza ulimi kwa kahawa, kisha akasema yote, na kampuni unayoifanyia kazi. Kwa hiyo nimejua tangu siku hiyo, na sikumwambia Mersiha kitu, na wewe usimwambie kwamba nilijua, atanikasirikia mimi badala yako na mimi ndiye ninayempikia.

Sitakwambia uache kazi. Baba yenu alifanya kazi kwenye kiwanda kilichoua samaki wote kuanzia hapa mpaka mjini, na kiwanda hicho ndicho kilichowavika ninyi viatu. Alikuwa akirudi, hatulizungumzi. Nilidhani kutolizungumza ni heshima. Siku hizi sijui.

Mersiha halali. Anatembea ndani ya nyumba kama ana kitu kimempotea. Chakula anakisogeza tu kwenye sahani. Juzi nilimkuta amekaa mbele ya mashine imezimwa, amekishika kile kidude cha vidoti vya dhahabu ulichomtumia kama kifaranga. Amekuandikia maneno mabaya, najua, kwa jinsi alivyokuwa akigonga vile vibonye.

Fikreta amenisimulia yule mtu wa gari jeupe aliyeshusha kofia, nikajua ni nani. Jambo moja tu nakuomba. Ukipita tena darajani, usifiche uso. Watakutukana, Fikreta ana mdomo, lakini utakuwa umetukanwa wewe. Mtu aliyejificha kiti cha mbele simjui, sikumzaa.

Nimekutumia chupa mbili za ajvar, pilipili za kusaga za mwaka huu. Ile yenye kitambaa chekundu ni kali.

Mama yako,
Nafija


Jelovac, 4 Oktoba

Rusmir,

Imewaka.

Ilikuwa skrubu, na kipande kimoja cha utepe kilichojikunja pembeni. Sikutaka iwe hivyo. Nilipofungua nilikuwa natafuta ushahidi dhidi yako. Kioo kilikaa giza mpaka nikaanza kunawa uso kwa mikono mitupu, halafu maandishi yakatokea, na prosesa ikajitaja kwa jina lake kamili kwenye ubao usioitaka. Nilikaa nikiisoma hiyo mistari kama salamu. Kwa yale niliyokuandikia kuhusu kunitegea, nisamehe. Kwa gari jeupe bado sijakusamehe.

Sasa nikwambie kilichotoka, na sijamwambia mtu mwingine.

Nimetumia namba za kampuni yenyewe, zilizo kwenye makaratasi waliyoyapeleka manispaa. Wanasema umeme ukikatika lango linafunguka pole pole kwa muda wa dakika arobaini. Nikaweka arobaini. Maji yanapanda, yanalowesha bustani za ukingoni, yanashuka. Mtaa wa juu haulowi hata kizingiti. Ile kona ya mto niliyoiogopa, miamba inayageuza maji kabla hayajafika kwa Fikreta. Kwa miraba mikubwa ya zamani mwamba ule ulikuwa hauonekani kabisa. Nimerudia, nikapunguza miraba, nikarudia tena. Ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo nimewakalisha watu darajani msimu mzima wa joto kwa ajili ya mafuriko ambayo hayapo. Natembea humu ndani sijui nikae wapi. Nikikaa nasimama.

Kuna kitu kimoja nataka kukuuliza, si kama dada, kama mtu anayeuliza fundi. Lango hilo wewe unalijua. Ni kweli dakika arobaini?

Mersiha


Doboj, 6 Oktoba

Mersiha,

Si kweli. Arobaini ni pale mtu anapolifungua kwa mtambo, akiwa amesimama hapo na hana haraka. Umeme ukikatika, breki inaachia na lango linafunguka lote kwa uzito wake. Dakika nne. Nimefunga la aina hiyo hiyo juu ya kijiji cha Rakovac mwezi Mei, na siku ya kulijaribu nilikuwa na saa mkononi. Msimamizi alisema hiyo haiandikwi, kwa kuwa umeme haukatiki. Umeme wa milimani, eti haukatiki. Tukaandika arobaini. Niliweka na mimi sahihi, pamoja na wengine.

Weka nne. Usitaje jina langu. Mkataba wangu unakatika siku watakayolisikia, na hakuna fundi wa malango mwenye kampuni mbili za kuchagua.

Sina zaidi. Mama ameniletea ajvar.

Rusmir


Jelovac, 10 Oktoba

Kaka,

Nimeweka nne.

Mtaa wa juu bado mkavu. Lakini wimbi linateremka lote likiwa limesimama, linafika tambarare na kumwagika mtaa wa chini. Shule inazungukwa kabla kengele haijamaliza kulia. Nyumba ya Razija inaingiwa mpaka madirishani. Razija yule yule anayelitaka bwawa kuliko wote, kwa sababu kampuni imewaahidi barabara ya lami, na aliyewamwagia akina mama maji ya kuoshea zulia mwezi Julai.

Ilibidi niwaambie darajani. Nilisimama mbele yao nikiwa na karatasi. Nikasema nilikosea, maji hayatafika kwenu, yatafika kwa wale. Redio ya Fikreta ikaendelea kutangaza hali ya hewa.

Fikreta akaizima. "Ngoja nielewe," akasema. "Nimekaa hapa tangu Juni, mgongo umekufa, mume wangu amejifunza kupika, kwa ajili ya mazulia ya Razija?"

"Na watoto wa shule," nikasema.

"Watoto wa shule sawa. Mimi nauliza Razija."

"Na Razija."

Akautazama mtaa wa chini. Akasema, "Haya. Sogezeni viti, kivuli kimehama." Akamgeukia mama mmoja. "Lakini akija kushukuru nitamtupa mtoni mimi mwenyewe." Hakuna aliyeondoka. Mmoja alilia, akasema ni moshi wa pilipili.

Kaka, zimebaki siku nne kabla ya kikao. Watauliza nne imetoka wapi. Sitakutaja, nakuahidi. Lakini bila mtu wa kuisema, ni namba iliyotoka jikoni kwa Mama, kwenye mashine ambayo hata waliouza ubao wake wangesema haiwezi kufanya kazi. Mhandisi wao atatabasamu na kusoma arobaini yenye sahihi chini yake.

Sikulazimishi. Nakwambia tu jinsi meza ilivyo.

Mersiha


Jelovac, 15 Oktoba

Kaka Rusmir,

Simu yako imezimwa na Hajrudin hajakuona, kwa hiyo naandika na sijui utasoma lini.

Jana kikaoni, nilipofika kwenye hesabu ya lango, mhandisi wao aliinuka kama nilivyokwambia, kwa upole mwingi. "Dada yetu ametumia dakika nne. Tunaweza kujua amezipata wapi?" Mwenyekiti akarudia swali. Nilikuwa naangalia mikono yangu, na bado ina doa la rangi ya fedha kwenye ukucha.

Ndipo nikasikia kiti kinasuguliwa nyuma. Sikugeuka, nilikijua kile kikohozi.

"Amezipata kwangu," ulisema. "Rusmir, fundi wenu. Nililipima Rakovac kwa saa yangu, na huyo bwana alikuwa amesimama kushoto kwangu, anakula sandwichi."

Ukumbi mzima ulimtazama huyo bwana. Angekuwa na akili angekataa papo hapo. Akasema, "Hilo lilikuwa jaribio la ndani." Mwenyekiti akaweka kalamu chini. Razija akainuka katikati ya watu wa mtaa wa chini, mjukuu wake anasoma pale shuleni, akauliza kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Dakika nne ni pamoja na kuvaa viatu?"

Hawajakataa bwawa. Wamerudisha makaratasi, wanataka lango lipimwe upya mbele ya mashahidi, na magreda yasimame mpaka hapo. Magreda bado yapo, na sisi tupo. Leo asubuhi Razija alikuja darajani na kiti chake mwenyewe. Fikreta alimwambia, "Si hapo, hapo pana upepo." Hilo tu. Wamekaa viti viwili mbali mbali, wanasikiliza redio moja.

Nilipotoka ukumbini nilikutafuta. Walisema ulipita mlango wa nyuma ukapanda basi. Mama alikuwa amekaanga nyama, ameweka sahani tatu. Alingoja mpaka mafuta yakaganda, kisha akaifunika yako kwa sahani nyingine akaenda kuswali. Taa ya barazani aliiacha ikiwaka.

Kwa gari jeupe pia nimekusamehe. Ulipo, sema.

Mdogo wako,
Mersiha


Rakovac, 20 Oktoba

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako leo, nilipopata pa kuchaji simu. Kazi imekwisha, walinipigia kabla basi halijatoka mjini. Sikuja nyumbani kwa sababu miguu haikukubali kukaa mezani. Nilipanda basi la kwanza, nikabadilisha jingine, nikajikuta nimekata tiketi ya huku. Mwambie Mama nitakuja, na asipike kwanza, nitapiga simu.

Lango la Rakovac ninalijua kila nati. Chini yake kuna nyumba kama ishirini kando ya maji, na hakuna aliyekaa darajani, kwa sababu hakuna aliyewaambia kitu. Nimepita mlango kwa mlango. Wawili walinifukuza, wakadhani nauza bima. Mmoja aliniachia mbwa. Mwanamke mmoja, Dževahira, mjane, ana ng'ombe wawili na zizi linalogusana na mto. Akanikaribisha ndani, akachemsha kahawa, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Nilimwambia ni mimi niliyelifunga. Akaongeza sukari kwenye kikombe changu bila kuniuliza.

Halafu akataka kujua maji yatafika wapi hasa. Zizini, au mpaka kitandani? Na ng'ombe awapeleke upande gani? Akauliza kama nina ramani yoyote.

Nimemwambia sina ramani, nina dada.

Rusmir